Joka la uzi kwa mpenzi wa Pweto

Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi katika sehemu yake ya Ziwa Moero ili samaki wapate kuzaliana, na upande wa Kongo serikali ya mkoa wa Haut-Katanga nayo imekuwa ikitangaza marufuku ya namna hiyo. Ziwa ni moja na samaki hana pasipoti. Kwa Pweto, mji uliokaa ncha ya kaskazini ya ziwa, pale mto Luvua unapotoka kwenda kukutana na Lualaba huko Ankoro, hiyo ni miezi ya mvua, ya nyavu kuanikwa na kuzibwa matundu, na ya mifuko kukauka. Ndani ya miezi hiyohiyo imo tarehe 14 Februari, siku ya Mtakatifu Valentino. Vijana wa Lubumbashi wameifanya sikukuu ya maua ya plastiki na dubu wa kuchezea kutoka China, na vijana wa Pweto, ingawa wako zaidi ya kilomita 350 kutoka Lubumbashi, hawawezi tena kusema hawaijui.

Muda upo tele, pesa hakuna. Kwa mtu anayependa na anayetaka kuonyesha, hiyo ndiyo hali inayofaa kutengeneza zawadi kwa mkono. Pendekezo langu ni joka: joka dogo la uzi, lililofumwa kwa kulabu, lenye tumbo la mviringo, mabawa mafupi na macho makubwa ya kuomba msamaha.

Najua Katanga. Najua kwamba neno joka halijakauka kinywani mwangu na tayari kuna mama mmoja aliyeanza kukemea. Kitabu cha Ufunuo, sura ya 12, kinalo joka jekundu lenye vichwa saba na pembe kumi, na hilo si la kuchezea. Kwenye sanamu za Wakatoliki, Mtakatifu Jorji yuko juu ya farasi akilichoma joka mkuki. Halafu kuna maneno ya mtaani, ambayo kwa kijana mchumba ni hatari kuliko mahubiri: mtu akitajirika ghafla, majirani hunong'ona kwamba anafuga nyoka ndani ya nyumba. Sasa wewe kijana umenunua pikipiki juzi tu, leo unampelekea binti wa watu joka. Ukweni wataulizana nini usiku huo?

Hofu hiyo ina historia yake, na historia hiyo inavutia zaidi kuliko hofu yenyewe. Katika miaka ya 1960 na 1970, wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walipata riziki kwa kuchora picha moja ambayo kila mtu aliitaka: mamba muntu. Juu ni mwanamke mzuri mwenye nywele ndefu, chini ni samaki, mara nyingi ana nyoka mwilini, na karibu naye kuna kitana, kioo au saa ya mkononi. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alizikusanya na kuziandika picha za aina hiyo, zile ambazo wenyewe tuliziita ukumbusho. Zilitundikwa sebuleni, mahali pa heshima, mgeni azione. Hadithi yake wengi wanaifahamu: mamba muntu humpa mwanamume mali, na sharti lake ni siri na uaminifu. Makanisa ya uamsho yalipopamba moto, picha ile ikaonekana mlango wa shetani na ikashushwa kwenye kuta nyingi.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba kiumbe wa ajabu ni kitu kigeni kilicholetwa na katuni. Familia za Katanga zimekula bukari, yaani ugali, miaka mingi chini ya macho ya mwanamke mwenye mkia wa samaki, na wazee wetu waliona humo jambo zito kuhusu mapenzi, mali na ahadi. Ukitoka hapa ukaelekea kusini-magharibi, mbali na Pweto, kwenye vinamasi vya Jiundu upande wa Zambia karibu na mpaka wetu, kuna kiumbe mwingine. Frank Melland, aliyekuwa hakimu wa serikali ya kikoloni huko, aliandika katika kitabu chake cha 1923, In Witchbound Africa, kwamba Wakaonde walimweleza juu ya kongamato: mjusi mwekundu mwenye mabawa ya ngozi kama ya popo, anayeogopwa na watu wa mitumbwi. Kama huyo si joka, basi sijui joka ni nini. Na Wachina, ambao migodi ya Katanga imewafanya majirani zetu, kwao joka ni baraka, mvua na heshima. Mwaka wao wa Joka uliopita ulianza tarehe 10 Februari 2024, siku nne tu kabla ya Valentino. Mwingine utakuja 2036. Wenye subira wanaweza kungoja.

Ushauri wangu kwa mwenye wakwe waumini ni mwepesi: lifume joka lisitishe. Mwaka 1943 mwanasayansi wa Austria, Konrad Lorenz, alieleza kwa nini kitu kidogo humlainisha binadamu moyo: kichwa kikubwa kuliko inavyostahili mwili, paji la uso pana, macho makubwa yaliyokaa chini ya nusu ya uso, mashavu ya mviringo, miguu minene mifupi. Ni sura ya mtoto mchanga. Ndiyo maana mafundi wengi huanza na kichwa, na hukipa karibu nusu ya urefu wote wa mdoli. Pembe ziwe mbili tu, fupi, za duara kwenye ncha. Vichwa saba tuviache vilipo. Rangi nyekundu nayo iache. Kijani cha matete ya Luvua kinatosha, au samawati ya ziwa saa nne asubuhi. Mama mkwe akiuliza, jibu ni, "Mama, huyu ni mtoto wa mamba aliyeota mabawa." Atacheka, na akishacheka umepita.

Ufumaji wenyewe haukufika Katanga jana. Kule Ireland, njaa ya viazi iliyoanza mwaka 1845 iliwafanya watawa wawafundishe wanawake maskini kufuma lesi kwa kulabu ili waiuze, na kutoka kwenye nyumba za watawa kazi hiyo ikasafiri na misheni kwenda kila upande wa dunia. Huku kwetu ilikutana na shaba. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuwataka wachimbaji wake wakae kambini na wake na watoto wao, badala ya kurudi vijijini kila mkataba ukiisha. Ikajikuta na wanawake wengi, ikaamua kuwafunza. Watawa na mabibi wa Kibelgiji wakafungua madarasa ya ushonaji, na baadaye foyer social, ambamo mke wa mchimbaji alifundishwa kushona, kutia viraka, kufuma, kupika na kulea mtoto kwa namna iliyowapendeza wakubwa wa kampuni. Vitambaa vya kulabu vikatandazwa mgongoni mwa viti, juu ya redio, na miaka ilipopita, juu ya televisheni. Kampuni haikufanya hivyo kwa kupenda urembo. Ilihesabu kwamba mume mwenye nyumba nadhifu hatoroki kazi.

Mwaka 1967 kampuni ikataifishwa, ikaja kuitwa Gécamines, na katika miaka ya 1990 Gécamines yenyewe ikaporomoka. Mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi walitoka kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ameeleza kwa kirefu jinsi baba wa familia alivyopoteza cheo chake cha mlishaji na mama akakibeba kwa biashara ndogondogo. Kwa baadhi ya wanawake hao, kulabu waliyofundishwa ili mume atulie ikawa ya kutafutia unga. Wasichana waliokua wakiitazama kazi hiyo wameirithi, ingawa wengi wanaiona ya bibi zao: vitambaa, kofia za watoto wachanga, soksi, basi.

Wajapani ndio waliovuma kwa kuitoa kulabu kwenye kitambaa bapa na kuipeleka kwenye mdoli. Wanaita amigurumi. Ilipata nguvu kwao miaka ya 1970, na baada ya mwaka 2000 intaneti ikaisambaza kila mahali. Filamu ya 2010, How to Train Your Dragon, yenye joka jeusi linaloitwa Toothless, iliwafanya wafumaji wa dunia nzima washike kulabu kwa ajili ya majoka. Na hapa kuna jambo ambalo wanunuzi hawalijui. Mashine ya kiwandani inafuma sweta, inafuma soksi, hata inaiga sura ya lesi ya kulabu, lakini kishono chenyewe cha kulabu bado ni cha mkono wa mtu. Dubu wa manyoya wa dukani ametoka kwenye mstari wa mashine. Mdoli wa kulabu, hata uliotoka mbali, kila tundu lake limepitiwa na vidole vya mtu fulani.

Tuje kwenye kazi, maana hapa ndipo Pweto inapoleta matatizo yake, na Pweto hiyohiyo inayo majibu.

Uzi. Madukani Lubumbashi uzi wa kufumia unapatikana, mwingi ni wa akriliki. Ukishafika Pweto umeshalipa nauli ya barabara ya Kasenga na Kilwa, na barabara hiyo wakati wa mvua haina huruma. Suluhisho liko kwenye mitumba, salaula kama wasemavyo wenzetu wa ng'ambo ya ziwa. Tafuta sweta ya zamani iliyofumwa kwa uzi mnene. Kabla ya kulipa, igeuze ndani nje uangalie mishono ya ubavuni: ikiwa kingo za vipande zimekamilika na zimeunganishwa kwa uzi mmoja unaoonekana kama mnyororo, nunua, ikiwa zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa cherehani, rudisha, kwa sababu uzi wake utatoka vipandevipande. Fumua kuanzia shingoni. Uzi utatoka umejikunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke maji ya vuguvugu, uutundike na jiwe dogo chini hadi ukauke. Utanyooka. Joka la urefu wa sentimita 15 hadi 20 halili hata gramu 100, kwa hiyo sweta moja ya mtu mzima ina familia nzima ya majoka.

Kulabu. Kwa uzi mwembamba, spoki ya baiskeli iliyokunjwa ncha na kusuguliwa kwenye jiwe hufaa; kipenyo chake ni karibu milimita 2. Kwa uzi wa sweta chonga mwanzi, milimita 3 hivi, kisha upake mafuta ya mawese na kuufuta mpaka usishike uzi. Siri ya mdoli ni kutumia kulabu nyembamba kuliko uzi unavyotaka. Vishono vikibana, kilicho ndani hakichungulii nje.

Na ndani? Sufi ya msufi ni nyepesi na nzuri, ila ikilowa inaganda. Vipande vya kitenge kutoka kwa fundi cherehani, vikikatwa vidogo kabisa, hulipa joka uzito wa kupendeza mkononi. Hapa pia mapenzi hupata nafasi: omba kipande cha kitenge cha nguo yako mwenyewe ukitie tumboni, au karatasi yenye maneno ambayo huthubutu kuyasema, iliyofungwa kwenye plastiki. Hakuna atakayeisoma ila siku joka litakapochanika, na siku hiyo mtakuwa mmeshazeeka au mmeshaachana.

Kichwa ni hesabu. Unaanza na pete ya uzi yenye vishono 6. Duru ya pili, kila kishono kinapewa viwili: 12. Ya tatu, unaongeza katika kila kishono cha pili: 18. Ya nne 24, ya tano 30, ya sita 36. Sita, sita, sita kila duru, na kitu kinatanda bapa kama sahani. Ukiacha kuongeza, kinaanza kujikunja chenyewe na kuwa bakuli. Fuma duru 6 nyingine za vishono 36, kisha punguza sita kila duru, 30, 24, 18, jaza, 12, 6, funga. Ukijumlisha utapata vishono 432 kwa kichwa peke yake. Duru haziungwi, zinapanda kwa mzunguko bila mwisho, kwa hiyo chomeka uzi wa rangi nyingine kwenye kishono cha kwanza cha kila duru, la sivyo utapotea kabla ya duru ya nne. Mwili hufumwa hivyohivyo, kwa kuurefusha katikati. Mkia ni mwili unaopungua taratibu, kishono kimoja baada ya kila duru mbili.

Singa za mgongoni ndizo zinazonifurahisha zaidi. Fuma ukanda mwembamba, kisha urudi juu yake ukiweka vishono vitatu ndani ya kila kimoja. Ukanda unakosa pa kwenda, unaanza kujikunjakunja kama jani la kabichi. Mwaka 1997 mwanahisabati wa Latvia, Daina Taimina, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alitumia mbinu hiyo ya kuongeza na kuongeza kuwaonyesha wanafunzi umbo la jiometria ambalo maprofesa walihangaika kulionyesha kwa karatasi. Mama zetu walikuwa wanaifuma kwenye ukingo wa vitambaa vya meza bila kuomba shahada.

Mabawa yakilegea, yaloweke kwenye uji mwepesi wa wanga wa muhogo, yabane kwa pini juu ya ubao, yaache juani. Kuna wanaotumia maji ya sukari. Kwa Pweto sishauri, sisimizi watalimaliza joka kabla ya mpenzi kuliona. Macho yatarizi kwa uzi mweusi, usitumie vifungo, hasa ikiwa nyumbani kwake kuna watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni. Na uzi wa akriliki usipigwe pasi. Unayeyuka.

Kwa mkono mzoefu hiyo ni kazi ya jioni chache. Kwa anayeanza, hesabu saa kumi hadi ishirini, bila kuhesabu saa za kufumua.

Sasa nani afume? Nimesikia vijana wakisema kulabu ni ya wanawake, na husema hivyo wakiwa wamekaa ufukweni, sindano ya nyavu mkononi, wakiziba tundu lililoachwa na mamba. Mwanamume wa ziwa hili amefundishwa tangu utotoni kushika uzi, kupima tundu kwa kidole, kufunga fundo lisilofunguka majini. Anachokosa ni ruhusa ya kuitumia mikono hiyo kwa kitu kisicho samaki. Ruhusa hiyo naitoa mimi, bure.

Kwenye pwani ya Waswahili mila ya kufanyiana kazi ya mkono kwa mapenzi ilikwenda upande mmoja. Kofia za viua za Lamu na Zanzibar, zenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi moja moja, wanawake walizishona kwa miezi kwa ajili ya waume zao, na Omani nako wanawake hushona kumma za namna hiyo. Mwanamume alivaa upendo wa mkewe kichwani akaenda nao msikitini, mji mzima ukauona. Yeye alimrudishia kanga, aliyoinunua. Si vibaya, lakini saa za mkono hazikulingana, na sioni sababu ya vijana wa leo kuendelea na deni hilo.

Wafumaji wa Ulaya na Marekani wana mzaha wao: ukimfumia mchumba sweta kabla ya ndoa, atakuacha kabla hujamaliza mkono wa pili. Si uchawi. Sweta huchukua muda mrefu, uhusiano mwingi ni mfupi, na mpokeaji anayeona kazi kubwa hivyo huingiwa na hofu ya ahadi. Joka lina faida hapo. Ni dogo, halimtaki mtu avae asichokipenda, wala halisemi "nioe" kwa sauti ya juu. Linakaa juu ya kitanda au kwenye kioo cha pikipiki. Usilitoe pia badala ya mahari, maana wapo watakaojaribu. Familia ya binti wa Pweto inajua kuhesabu.

Kwa ambaye mikono yake imekataa kabisa, wapo akina mama wanaofuma, Pweto na Lubumbashi, na wengi hawajawahi kuombwa kitu zaidi ya kofia ya mtoto. Mpelekee mchoro na uzi. Mlipe kwa saa zake, usimpunguzie bei kama unavyofanya kwenye kikapu cha chisense, wale samaki wadogo wa ziwa, kwa sababu umeshaona hapa juu kichwa peke yake kina vishono vingapi. Halafu ukilikabidhi joka, mwambie mpenzi wako ukweli kwamba aliyefuma ni mama fulani na wewe ulichagua rangi. Ukimdanganya kwamba ni mkono wako, atakuomba umfumie la pili akiwa amekaa pembeni yako anatazama.